Kinachoua duka la spea la mtaani si mgeni

Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara nchini Tanzania. Ndani ya orodha hiyo imo biashara ya jumla na rejareja, ukiacha supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua Sh10 milioni, kifungo na kufutiwa viza. Siku chache baadaye, Agosti 1, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale Ubungo, palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000 kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina. Habari ya kwanza ilipokewa kwa shangwe Kariakoo, ya pili kwa wasiwasi, lakini zote mbili zilikazia imani ileile: kwamba anayemfilisi mfanyabiashara wetu mdogo ni mgeni.

Katika biashara ya spea za magari imani hii imeota mizizi mirefu. Ukizunguka vitongoji vya Dar es Salaam kama Tabata, Mwenge, Mbagala au Tegeta utakuta fremu zilizokuwa za spea sasa zinauza vipodozi, vifaa vya simu au nguo za watoto. Waliobaki wanawalaumu Wachina, wanailaumu TRA, mamlaka ya mapato, wanailaumu simu. Wateja nao wana kilio chao: spea haidumu, bei haieleweki, na kifaa kisichoingia kwenye gari hakirudishwi. Tumezoea kuvisikiliza vilio hivi viwili kama mambo mawili yasiyohusiana, mfanyabiashara analia na serikali, mteja analia na mfanyabiashara. Mimi naona ni jambo moja. Duka la spea lilikuwa linauza vitu viwili kwa bei moja: kifaa chenyewe, na ujuzi wa mtu anayejua kifaa hicho kinakaa kwenye gari gani na yuko tayari kuwajibika kisipokaa. Ujuzi na uwajibikaji huo vimeachwa kidogokidogo kwa muda mrefu. Kilichobaki ni boksi kwenye rafu, na boksi linapatikana popote. Amri ya Julai inaweza kuwa na faida zake kwingine, lakini haitarudisha kile kilichoondoka dukani kabla mgeni hajafika.

Tuanze na jinsi kazi yenyewe ilivyobadilika. Mzee wa spea wa miaka ya themanini alikuwa na kazi ngumu ila yenye mipaka. Magari yalikuwa machache na aina zake zilihesabika: Land Rover, Peugeot 504, Datsun, Corolla, Land Cruiser, na upande wa malori Isuzu, Bedford na Scania. Tatizo lake lilikuwa kupata mzigo, kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa adimu. Akishaupata, alijua kwa kichwa kila kifaa kinakwenda wapi. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, kisha milango ikafunguliwa zaidi katika awamu ya Ali Hassan Mwinyi, tatizo la mzigo likaanza kupungua na jingine likaingia taratibu pamoja na magari yaliyotumika kutoka Japani. Kila meli ilileta aina ambazo hakuna duka lililowahi kuziona. Leo kwenye foleni moja ya Barabara ya Mandela utakuta IST, Crown, Harrier, Passo, Forester, X-Trail, Demio, Noah na Prius, na kila jina moja kati ya hayo lina matoleo kadhaa ndani yake.

Chukua IST, gari ambalo halikosekani kwenye mtaa wowote wa Dar es Salaam. La kizazi cha kwanza, lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, lipo kama NCP60 lenye injini ya 2NZ ya sisi (cc) 1,300, NCP61 lenye 1NZ ya sisi 1,500, na NCP65 ambalo lina 1NZ hiyohiyo lakini linasukuma magurudumu yote manne. Kizazi cha pili kina NCP110 na ZSP110, na hilo la mwisho lina injini nyingine kabisa ya sisi 1,800. Injini ya 1NZ imo pia ndani ya Vitz, Raum, Spacio, Probox na Corolla kadhaa. Maana yake ni kwamba mteja anayesema "nataka shokapu za nyuma za IST" hajasema kitu bado. Filta ya oili ya 1NZ itaingia kwenye magari yote yenye injini hiyo, ila shokapu za nyuma za NCP61 na za NCP65 ni vitu viwili. Jibu lipo kwenye kibati kilichobandikwa ukutani kati ya injini na dashibodi, chenye namba ya chasisi, aina ya injini, rangi na giaboksi. Anayejua kukisoma kibati hicho na kuifuata namba yake kwenye katalogi ya Kijapani anapata namba ya kifaa, tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine, na mjadala unaisha. Asiyejua anabaki kulinganisha kwa macho.

Na kulinganisha kwa macho ndiko kulikotawala. Nimewahi kusimama kwenye kaunta moja Gerezani, eneo la maduka ya spea jirani na Kariakoo, nikimtazama dada mmoja aliyekuja na beringi ya gurudumu la mbele iliyoisha, imefungwa kwenye gazeti lenye grisi. Kijana wa dukani aliiweka juu ya mpya, akazigeuza mara mbili kwenye mwanga, akasema, "Hii ndiyo yenyewe dada, ikigoma fundi aigonge kidogo." Fremu ya pili yake, mzee mmoja aliichukua beringi ileile, akatoa kipimio chake cha chuma kutoka mfukoni, akapima tundu la ndani, mzunguko wa nje na upana, kisha akauliza kama gari lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Dada hakujua. Mzee akamwambia ampigie fundi amuulize, kwa sababu beringi za magari mengi yenye ABS zina sumaku upande mmoja, na ukiifunga kinyume, au ukifunga isiyo na sumaku, taa ya ABS itawaka na mfumo hautasoma mwendo wa gurudumu. Beringi zilikuwa kwenye boksi zinazofanana na bei zilikaribiana. Tofauti yote ilikuwa kwa yule mzee, na maduka yenye mtu kama yeye yamekuwa ya kutafuta.

Sasa tupime sababu zinazotajwa. Hoja ya mgeni ina ukweli ndani yake na haifai kubezwa. Ni kweli kwamba baadhi ya waliokuwa wakituuzia kontena zima waligeuka wakafungua maduka hapahapa, wakauza kwa bei ambayo mnunuzi wao wa jana hawezi kuifikia. Mtu aliyelipa kilemba kupata fremu Kariakoo, akakopa benki, akajaza mzigo, ana haki ya kukasirika anapomkuta mwenye kiwanda amekaa mlango wa pili. Lakini tutazame mzigo wenyewe. Wafanyabiashara wetu walikwenda Guangzhou, China, kwa miguu yao miaka mingi kabla ya kelele hizi, wakachagua wenyewe madaraja ya bidhaa, na wengi wakachagua la chini kwa sababu boksi linaweza kuandikwa jina lolote. Pedi za breki zilizokuja na Mtanzania na zilizokuja na Mchina zinaweza kuwa zimetoka kwenye mashine moja. Kumwondoa muuzaji mmoja kunabadilisha sura iliyo nyuma ya kaunta, na huenda kunamwongezea aliyebaki faida kidogo, lakini mwenye IST anayebadilisha boljointi kila baada ya miezi michache haoni tofauti yoyote.

Hoja ya kodi na gharama nina heshima nayo zaidi. Mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023 haukutoka hewani. Ulihusu usajili wa stoo, ukamataji wa mizigo na namna maofisa wa kodi walivyokuwa wakiwafuata wateja barabarani kuwauliza risiti, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalazimika kuja kukutana na wafanyabiashara. Mwaka uliofuata, Juni 2024, maduka yakafungwa tena. Mwenye duka la spea anabeba VAT ya kawaida ya asilimia 18 akishavuka mauzo ya Sh200 milioni kwa mwaka, kodi ya pango inayolipwa kwa miezi sita au mwaka mzima, na mtaji uliolala. Hili la mtaji uliolala ndilo wasiofanya biashara hii hawalioni. Duka la unga linauza kiroba leo na kuagiza kingine kesho. Duka la spea linaweza kukaa na saiti mira ya Raum mwaka mzima, na siku mteja anapokuja anataka ya upande wa pili. Ushindani na winga, asiye na fremu wala stoo wala EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, anayechukua kifaa kwa jirani na kuongeza chake juu, ni ushindani usio sawa, na serikali inastahili lawama kwa kumkamua anayeonekana na kumwacha asiyeonekana.

Hata hivyo hoja hiyo haielezi kitu kimoja ambacho kila mtu anakiona mtaani. Maduka ya spea za pikipiki yamejaa. Kwenye barabara ileile ambako duka la spea za gari limefungwa, utakuta manne ya Boxer na TVS yanafanya kazi kuanzia saa moja asubuhi. Yanalipa kodi ileile, yanakodi fremu zilezile, yanauza bidhaa nyingi kutoka China na India, na wateja wao wana simu zilezile. Sehemu ya jibu ni kwamba bodaboda inakimbia kutwa na spea zake ni za bei ndogo, hivyo mzunguko ni wa haraka. Nakubali. Lakini sehemu kubwa ni kwamba aina za pikipiki ni chache na kijana wa dukani anazijua zote. Mteja akisema "cheni na sproketi za Boxer 150" anapewa kitu kinachoingia, na kisipoingia anarudi baada ya dakika kumi na kubadilishiwa bila ugomvi, kwa sababu muuzaji anajua kesho atamhitaji tena. Pale ambapo ujuzi na uwajibikaji vimebaki kaunta, duka halijafa. Kama Mchina, TRA na simu ndio wauaji, ilikuwaje wakaliruka duka la pikipiki?

Na simu yenyewe imeeleweka vibaya. Wauza spea wa Wasapu na Instagramu wanaofanikiwa, wale ambao jina lao linapitishwa kutoka kundi la wamiliki wa Crown kwenda kundi la wamiliki wa Forester, wana tabia moja. Ukiwaandikia unataka kitu, hawataji bei. Wanajibu, "Bosi, nitumie picha ya kibati cha chasisi." Wanaitafuta namba, wanakutumia picha ya kifaa chenyewe, wanakwambia kuna ya mtumba kutoka Japani, kuna mpya ya daraja la kati na kuna ya kiwandani, na bei ya kila moja. Wengine hawana hata duka, wanachukua Shaurimoyo au Gerezani na kumpa bodaboda. Wameokota kazi iliyoangushwa na maduka. Ndani ya kundi hilo wapo matapeli wengi pia, wanaopokea pesa na kuzima simu, na hao wangepata shida sana kumpata mteja kama duka la mtaani lingekuwa linaulizia kibati.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa kuliko zote, ni kwamba "mteja wa Kitanzania anapenda rahisi". Nimeisikia kwa wauzaji, kwa waagizaji, hata kwa viongozi. Tuichambue. Mteja akikuta kaunta kuna pedi za breki za aina tatu, zote zimeandikwa "genuine", zote zina stika inayong'aa, na muuzaji akiulizwa tofauti anajibu "hii nzuri, hii nzuri zaidi", ana njia gani ya kuchagua isipokuwa bei? Akilipa ya ghali hana uhakika kwamba ni bora, maana anayeweza kughushi boksi la bei nafuu anaweza kughushi la bei kubwa. Kwa hiyo anayechukua rahisi anafanya hesabu ya mtu mwenye akili timamu: kama zote huenda ni feki, afadhali nipoteze kidogo. Muuzaji aliyeleta mzigo bora anashindwa kuuza kwa bei yake halali, anaacha kuuleta, na soko linabaki na ubovu mtupu. Halafu tunageuka na kusema mteja ndiye aliyetaka. Mteja huyohuyo, akiamini anachoambiwa, analipa. Mtazame anavyolipia zaidi spea ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani kuliko mpya ya boksi, kwa sababu anaamini ile ya zamani ilitoka kiwandani kweli. Mtu anayependa rahisi tu hawezi kununua kitu kilichotumika kwa bei inayozidi ya kipya.

Kuna jambo jingine ambalo wenye maduka hawapendi lisemwe hadharani, nalo ni fundi. Kwa miaka mingi duka la mtaani liliamua kwamba mteja wake halisi ni fundi, na mwenye gari ni pochi tu. Fundi analeta kazi, duka linamwandikia bei ya juu kwenye risiti ya mkono, na tofauti inarudi kwake kama cha juu. Shokapu ya elfu tisini inaandikwa laki na thelathini. Mfumo huu ulilipa maduka vizuri kwa muda, na sitaki kumtwisha fundi dhambi yote, kwa sababu sisi wenye magari ndio tunaokataa kumlipa ufundi wake. Mtu anayelipa laki mbili za spea bila kupepesa anabishana elfu kumi na tano za kazi ya saa nne chini ya gari. Fundi naye ana watoto, anakula pale alipoachiwa nafasi. Lakini siku wenye magari walipoanza kuuliza bei wenyewe kwa simu, wakagundua kwamba duka walilolizoea lilikuwa linawaficha, hawakulisamehe. Walihama, na walipohama hawakwenda kwa Mchina kwa mapenzi ya Mchina, walikwenda popote ambapo bei inatajwa bila fundi kuwepo.

Anayedhani haya ni ya kwetu tu atazame Marekani, ambako biashara hii ina mitaji mikubwa na kumbukumbu nzuri. Novemba 2024 kampuni ya maduka ya spea ya Advance Auto Parts ilitangaza kufunga maduka yake 523 na kuachana na mengine 204 ya wamiliki wa kujitegemea. Wengi walisema ni intaneti. Lakini katika soko hilohilo, na intaneti hiyohiyo, washindani wake AutoZone na O'Reilly walikuwa wakiendelea kufungua maduka mapya. Advance walikuwa wamenunua mtandao wa Carquest mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2, na kwa miaka kumi wakahangaika kuunganisha maghala na mifumo ya pande hizo mbili. Gari likiwa limeinuliwa kwenye gereji, fundi hawezi kusubiri duka ambalo halina uhakika kama kifaa kipo au kitafika lini. AutoZone, kwa upande wake, inamwazimisha mteja hata kifaa cha kufungulia, anaacha dhamana na kurudishiwa pesa yake akikirejesha. Nairobi nako, Barabara ya Kirinyaga, yenye maduka mengi ya spea, ina malalamiko yanayofanana na ya Gerezani, pamoja na kwamba Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Sheria za uagizaji zinatofautiana, wageni wanatofautiana, lakini anayepona kila mahali ni yule anayejua alichonacho na kukitoa kwa wakati.

Ukikubali kwamba ugonjwa ni huu, dawa nazo zinahama mahali. Ya kwanza ipo tayari kwenye vitabu vyetu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji anakitaka kitu kwa kazi gani, na akautegemea ujuzi wake, basi kinachouzwa kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Mtu anayesema "nataka boljointi za NCP61" na kupewa za gari jingine hajapata bahati mbaya, amevunjiwa sharti la mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ina sehemu inayoyahesabu baadhi ya masharti kuwa yamo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa popote. Pamoja na hayo, karibu kila duka la spea limebandika karatasi inayosema mali ikishauzwa hairudishwi. Tume ya Ushindani imejenga nguvu kubwa katika kukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na picha za mizigo ikiteketezwa zinapendeza kwenye habari. Ningependa kuona nguvu hiyohiyo ikielekezwa kwenye karatasi ile ukutani, kwa kuwa bidhaa bandia inapita mikononi mwa muuzaji asiye na cha kupoteza anapoiuza. Akijua kwamba itamrudia, ataanza kumuuliza aliyemletea.

Wenye maduka watajibu kwamba spea za umeme, kama vile koili na sensa, mteja anaweza kuzichoma kwa kosa la fundi wake kisha akazirudisha. Ni hoja ya haki na ndiyo maana urejeshaji hauwezi kuwa wa kiholela. Duka linaweza kuandika kwenye risiti namba ya chasisi ya gari na namba ya kifaa. Kosa la kutoingia linakuwa la duka ikiwa chasisi ilichukuliwa, na la mteja ikiwa alikataa kuitoa. Kilichoungua baada ya kufungwa kina utaratibu wake. Risiti ya aina hiyo pia inaigeuza ile EFD inayochukiwa kuwa silaha dhidi ya winga, maana winga hawezi kuitoa. Mashine ambayo leo mwenye duka anaiona kama kitanzi ndiyo ingekuwa sababu ya mteja kumchagua yeye na kumwacha asiye na mlango.

Ya pili ni mafunzo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha ufundi magari, lakini kaunta ya spea tumeiacha kuwa kazi ya mpwa aliyemaliza kidato cha nne na hajapata la kufanya. Kusoma kibati, kutumia katalogi, kupima beringi, kujua tofauti ya breki za gari lenye ABS na lisilo nayo, kutambua namba ya kifaa ambayo kiwanda kimeiacha na kuweka namba mpya mahali pake: haya yanafundishika kwa kozi fupi. Mzee wa Gerezani aliyajifunza kwa miaka mingi kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Wenye maduka kumi wa mtaa mmoja wanaweza pia kuunganisha orodha za mizigo yao kwenye kundi moja la simu, kila mmoja abobee kwenye aina fulani, mmoja Subaru, mwingine Nissan, mwingine magari ya haibridi yanayotumia petroli na umeme, badala ya wote kumi kujaza filta za IST na kukosa kila kitu kingine. Katika Gerezani hili tayari hufanyika kienyeji, kijana anakimbia kwa jirani kukuchukulia. Linalokosekana ni bei iliyokubaliwa kati yao, ili kila mkono unaopita usiongeze chake.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi ukitoka Dar es Salaam. Mwenye gari wa Songea, Mpanda au Kibondo ambaye duka la mjini kwake limekufa anatuma pesa kwa mtu asiyemjua, anasubiri kifurushi kipakiwe kwenye basi kutoka stendi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam, na kikifika siyo chenyewe anaanza upya: nauli ya kifurushi kurudi, siku mbili tatu nyingine, gari likiwa juu ya mawe. Kama gari hilo ni Noah ya abiria au Canter ya mazao, kila siku ni hasara ya familia na ya wakulima waliokuwa wakiitegemea. Wengi huishia kumwambia fundi alazimishe. Bushi inachongwa, boljointi inachomelewa, sensa ya ABS inachomolewa na taa yake inatolewa kwenye dashibodi ili isisumbue macho. Gari linarudi barabarani likionekana zima.

Magari ya haibridi yanayozidi kuingia yataubana mfumo huu zaidi. Betri ya Prius au Aqua haiwezi kulinganishwa kwa macho. Ndani yake kuna seli nyingi, na moja ikichoka inazivuta nyingine, hivyo inayouzwa kama nzima inaweza kuwa imekusanywa kutoka betri tatu mbovu na kuoshwa vizuri. Anayeinunua anatoa pesa ya kununua pikipiki mpya kwa neno la mdomo. Ama muuzaji awe na kifaa cha kuipima mbele ya mteja na dhamana ya maandishi, ama hakuna biashara hapo. Maduka yatakayoliweza hilo yatapata wateja wasioangalia uraia wa jirani yao, na amri ya Julai haina kifungu kinachoweza kuyasaidia yale yasiyoliweza.